Ujira wa Mcheza Kandanda na Zawadi za Wakubwa

Mwezi Machi wa mwaka 1974, mjini Kairo, timu ya taifa ya Zaire na ile ya Zambia zilikutana katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, zikatoka sare ya mabao 2 kwa 2, zikarudiana siku mbili baadaye, na Zaire ikashinda kwa mabao 2 bila jibu. Na mabao yote manne ya Zaire katika michezo hiyo miwili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba, aliyeyamaliza mashindano akiwa na mabao 9, idadi ambayo hapana mchezaji mwingine aliyepata kuifikia katika fainali za mwaka mmoja tangu siku zile hata leo.

Waliporejea Kinshasa hawakukosa makaribisho. Rais Mobutu Sese Seko, aliyekuwa hodari wa kutambua faida ya kuonekana karibu na washindi, aliwatunukia wachezaji wake nyumba na motokaa kwa fahari ya msimu ule, na wengi wakaamini kwamba vijana wale wameagana na ufukara milele. Miezi mitatu baadaye wakaenda Ujerumani Magharibi, wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza fainali za Kombe la Dunia, na huko ndiko hesabu ya kweli ilikofunuliwa. Walifungwa na Scotland mabao 2, kipigo kisicho na fedheha; kisha wakapata habari kwamba fedha waliyokuwa wakiitarajia haitawafikia, kwa kuwa imekwisha kupotelea mikononi mwa wakubwa waliofuatana nao; wakakusudia kugoma, wakabembelezwa na kushurutishwa hata wakaingia uwanjani nyoyo zao zikiwa kwingine, na Yugoslavia ikawafunga mabao 9. Katika mchezo huo mwamuzi alipigwa teke na Mwepu Ilunga, lakini aliyetolewa nje kwa kosa hilo ni Ndaye, ambaye hakumgusa mtu. Kabla ya mchezo wa mwisho, kwa maelezo aliyoyatoa Mwepu mwenyewe miaka mingi baadaye, walinzi wa Rais waliwatishia kwamba Brazil ikiwafunga mabao 4 hawatarudi kwao, ikawafunga 3. Ile picha ya Mwepu akichomoka ukutani na kuubutua mpira wa adhabu kabla Wabrazil hawajaupiga, ambayo walimwengu wameichekea kwa miaka 50, ni picha ya mtu aliyezijua kanuni vizuri sana, mwenye hofu na asiyelipwa, ambaye hakuwa na mahali pengine pa kuionyeshea ghadhabu yake.

Mobutu, baada ya aibu ile, hakutaka tena kuwaona wachezaji wale, wala hakuwaachia waende kuchuma Ulaya, kwa hiyo wakabaki na nyumba zao na motokaa zao katika nchi ambayo uchumi wake ulikuwa ukiporomoka mwaka hata mwaka. Mnamo 1994 Shirikisho la Kandanda la Afrika lilimwalika Ndaye mjini Tunis, zilikokuwa zikichezwa fainali za mwaka huo, likamkirimu kwa kumbukumbu ya mabao yake. Aliporudi kwao, watu waliovaa sare za kijeshi walimvamia nyumbani, wakidhani kwamba mtu aliyetoka kuheshimiwa ugenini hawezi kurudi mikono mitupu. Hawakukuta mali waliyoitaka, wakampiga risasi ya mguu. Akaihama nchi, akaangukia Afrika Kusini akiwa mkimbizi, na mjini Cape Town mfungaji yule akawa mlinzi wa magari yanayoegeshwa, akiishi kwa sarafu wanazotoa wenye magari wakipenda. Mwaka 1998, fainali zilipochezwa Burkina Faso, ilitangazwa kwamba amekufa, na watu wakasimama kimya dakika nzima kumwombolezea, ilhali yeye yu hai, akilinda magari. Alifariki kweli tarehe 26 Januari 2019, mjini Johannesburg, akiwa na umri wa miaka 70.

Nimekitanguliza kisa hiki kwa sababu kinalibatilisha jawabu jepesi ambalo wengi wetu hulitoa kila tunaposikia kwamba mcheza kandanda fulani, ambaye jana tulimbeba mabegani, leo hana kodi ya chumba. Ndaye hakuponda mali, maana mali ya kupondwa hakupewa. Alipewa zawadi. Baina ya zawadi na ujira pana tofauti ambayo wakubwa wa michezo wamekuwa wakiificha tangu zamani, kwa kusudi au kwa kughafilika: zawadi hutoka katika moyo wa mtoaji, humpa sifa mtoaji, hukoma siku moyo wake unapogeuka, na haiwezi kudaiwa mbele ya kadhi wala hakimu; ujira ni deni, na mdai hulipwa hata akichukiwa. Dai langu katika makala haya ni kwamba dhiki ya wachezaji waliostaafu, hapa kwetu na kwingineko, chanzo chake kikubwa ni kuwa tumezoea kuwapa zawadi mahali walipostahili haki, na tukiisha kuwapa hujiona tumewalipa.

Jawabu lenyewe hilo jepesi nalijua, na msomaji bila shaka amekwisha kuliandaa, kwa kuwa ndilo la barazani na la kijiweni: kwamba hawa huula ujana wao, wakayafuja machumo yao kwa magari, sherehe na masahibu wa msimu, kisha uzeeni wakaja kutulilia sisi. Siwezi kusema kwamba ni uongo mtupu. Kipa David James, aliyeidakia England michezo 53 na kulipwa mishahara ya Ligi Kuu ya huko kwa karibu miaka 20, alitangazwa muflisi mwaka 2014, wala hapana mtu anayeweza kusema kwamba alidhulumiwa ujira. Garrincha wa Brazil, bingwa wa dunia mara mbili, ambaye mwaka 1962 Pelé alipoumia aliichukua timu ile karibu peke yake mpaka ikatwaa kombe, aliuawa na maradhi ya ini yaliyoletwa na ulevi mwaka 1983 kabla hajatimiza miaka 50. Wapo, na israfu ni israfu, iwe ya mcheza kandanda au ya waziri. Walakini hata huyo Garrincha, ukiyafuatilia mambo yake, utakuta kwamba klabu yake ya Botafogo ilikuwa ikimtia saini katika mikataba mitupu, kiwango cha mshahara kikajazwa baadaye na viongozi wenyewe, naye akiwa mtu asiyejua hesabu za karatasi aliridhika na walichomwandikia. Tunaikumbuka chupa yake na tumezisahau karatasi zile.

Tena wale wanaotajwa katika jawabu hilo ni akali ya watu. Mwaka 2016 chama cha kimataifa cha wachezaji wa kulipwa, FIFPRO, kilitoa ripoti iliyotokana na kuwauliza wachezaji wapatao 14,000 katika nchi 54, ikadhihirika kwamba asilimia 45 kati yao walipokea chini ya dola 1,000 kwa mwezi, na kwamba asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa mishahara katika misimu miwili iliyotangulia. Yaani katika kazi ambayo vijana wetu wameambiwa kuwa ni mlango wa utajiri, karibu nusu ya waliokwisha kuingia mlango huo wanalipwa kwa kiasi ambacho akiba ni neno la kuchekesha, na wanne katika kila kumi hawana yakini mshahara wa mwezi huu utaingia mwezi upi. Mtu wa namna hii ukimwambia asifuje, umemwambia jambo jema lisilomhusu.

Fikiri pia umri wa kazi yenyewe. Mwalimu, karani au mwuguzi huianza kazi yake akiwa na miaka ishirini na kitu, akaifanya hadi 60, na mshahara wake hupanda kadiri mvi zinavyoongezeka. Mcheza kandanda huanza akiwa na miaka 18 au 19, akafikia kilele kabla ya 30, na akifika 35 akiwa bado anacheza watu humstaajabia kama wanavyomstaajabia mzee anayepanda mnazi. Goti moja likiteguka vibaya, hesabu hiyo yote hukatika akiwa na miaka 24. Katika ligi zetu, kama wajuavyo wapenzi wa Simba na Yanga, fedha inayotajwa zaidi ni ile ya usajili, ambayo hutolewa kwa mkupuo, mara nyingine nusu ya kwanza mkononi na nusu ya pili kwa ahadi. Na hiyo nusu ya pili wengi wameifuata mpaka kwenye vyombo vya sheria vya FIFA, ambayo si mara moja imezifungia klabu za Tanzania kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji. Basi kijana wa miaka 21, ambaye tangu azaliwe hajaona milioni moja, hushikishwa milioni nyingi kwa siku moja. Na siku hiyo hiyo, kwa mujibu wa malezi yetu ambayo sithubutu kuyalaumu, anakuwa baba wa baba yake, mjomba wa wajomba zake, mlipa ada wa watoto wa jirani, na mjenzi wa nyumba ambayo mafundi wake wamechaguliwa na shangazi. Anayekataa huitwa bahili na mwenye ghururi. Asiyekataa, baada ya miaka kumi, huitwa mjinga.

Wala tusidhani kwamba nchi tajiri ziliwapa watu wao haki hizi kwa wema wa moyo. Uingereza, ambako mchezo huu ulitungiwa kanuni, hadi Januari 1961 klabu zilikuwa zimefungamana kutomlipa mchezaji zaidi ya pauni 20 kwa wiki, haidhuru viwanja vyao vilifurika watu kiasi gani, na ukomo ule uliondolewa tu baada ya wachezaji kutishia kugoma. Kikosi cha England kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966 kililelewa katika ulimwengu huo: Ray Wilson, beki wa kushoto wa mabingwa wale, alipoacha mpira alifanya kazi ya kushughulikia maziko mjini Huddersfield, kazi ya heshima ambayo inasemekana aliipenda, na Nobby Stiles mwaka 2010 akazipeleka medali zake mnadani ili awe na cha kuwaachia watoto wake.

Na mtu ambaye wachezaji wote wa leo wanapaswa kumjua jina, ila wengi hawamjui, ni Mbelgiji Jean-Marc Bosman. Mkataba wake na klabu ya RFC Liège ulikwisha mwaka 1990. Klabu ikataka kumpunguzia mshahara hadi robo ya aliokuwa akipokea, naye alipotaka kwenda Dunkerque ya Ufaransa ikamzuia kwa kudai ada ya uhamisho, kana kwamba mkataba ukiisha mtu hubaki kuwa mali. Akashitaki, akashitaki tena, kazi ikampotea, miaka yake bora ya kucheza ikamalizikia katika vyumba vya mawakili, hata tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg ikaamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba katika nchi za Umoja wa Ulaya yu huru kwenda atakako bila ada. Kwa hukumu ile mishahara ya wachezaji wa Ulaya ilipanda kwa kiasi kisichowahi kuonekana, na kila mchezaji anayeondoka leo bure na kuvuna donge la usajili anakula matunda ya mti uliopandwa na Bosman. Yeye mwenyewe fidia aliyoipata ilimwishia, akazama katika ulevi, akaishi kwa msaada wa serikali. Mamilionea aliowafungulia njia wangeweza kumtunza pasi na wao kuhisi pengo lolote mifukoni. Chama cha wachezaji kilimsaidia kwa kiasi. Wengine waliendelea na safari.

Hadi hapa nimesema habari za fedha, lakini wanaoishi na wachezaji waliostaafu husema kwamba fedha huweza kuwa dhiki ya pili. Ya kwanza ni ukimya. Mtu aliyepangiwa kila saa ya maisha yake tangu utotoni, saa ya kula, ya kulala kambini, ya kupanda basi, ya kusikia jina lake likiimbwa na watu 60,000, huamka asubuhi moja hana wa kumwambia la kufanya, simu hailii, na wenzake wako mazoezini. Uchunguzi wa FIFPRO uliotolewa mwaka 2015 uliona dalili za sonona na wasiwasi mkubwa kwa asilimia 38 ya wachezaji wanaocheza na asilimia 35 ya waliostaafu. Kumbe hata wanaoshangiliwa wanaumwa, seuze waliosahauliwa. Mwili nao una madai yake. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion aliyesifika kwa mabao ya kichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, akili zikiwa zimekwisha kumtoka, na afisa wa serikali aliyechunguza kifo chake akatamka kwamba kilitokana na kazi yake, yaani ile mipira aliyoipiga kwa kichwa. Mnamo 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow wakaeleza, baada ya kuzipima kumbukumbu za maelfu ya wachezaji wa zamani wa Scotland, kwamba wao huelekea kufa kwa maradhi ya kuharibika ubongo mara tatu na nusu kuliko watu wengine wa rika lao. Mchimba madini akiugua mapafu tunajua ni nani wa kuulizwa. Mcheza kandanda akianza kuwasahau wanawe tunasema ni uzee.

Sasa turudi pwani na bara yetu, ambako desturi ya kuwahudumia mashujaa hawa ina utaratibu wake unaojulikana. Mtu huugua, picha yake, amekonda, ameketi kitandani, husambazwa katika simu, wenye mapenzi hutuma elfu mbili na elfu tano, kiongozi mmoja hufika na bahasha na mpiga picha; mgonjwa akifa, husomwa wasifu mrefu, na klabu yake hutoa jeneza. Joe Kadenge wa Kenya, ambaye jina lake katika sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela liligeuka kuwa msemo wa nchi nzima, hata leo mtu asiyewahi kuuona mguu wake akisema "Kadenge na mpira" anaeleweka, alikuja kuendesha teksi mjini Nairobi baada ya siku zake za fahari, akapatwa na kiharusi, akaugua miaka, na mwezi Julai 2019 akafariki. Teksi si aibu; riziki ya halali haina aibu. Ninalolishangaa ni kwamba msemo ule ulitumiwa katika redio, katika matangazo na katika hotuba za siasa kwa zaidi ya nusu karne, na mwenye jina hakuwa na fungu katika hayo yote isipokuwa lile la kuombewa dua na kuchangiwa.

Nami sina neno baya juu ya wanaochanga. Katika kuchanga pana utu, na watu wetu ni wakarimu kuliko taasisi zao. Nasema tu kwamba mchango umekuwa pazia linalowasitiri waliopaswa kulipa.

Na desturi ya zawadi haijafa; imenawiri. Tangu mwaka 2023 Watanzania wamelizoea "goli la mama", ile ahadi ya Rais Samia Suluhu Hassan ya kutoa fedha kwa kila bao ambalo klabu zetu zinafunga katika mashindano ya Afrika, iliyoanza na shilingi milioni 5 kwa bao na kuongezwa kadiri Yanga ilivyokaribia fainali ya Kombe la Shirikisho. Agosti 2025, mashindano ya CHAN yalipochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, Rais William Ruto aliwaahidi wachezaji wa timu yake ya taifa, Harambee Stars, shilingi milioni moja ya Kenya kila mmoja kwa kila ushindi, na tena nyumba za vyumba viwili endapo wangevuka robo fainali. Hawakuvuka, Madagascar ikawatoa kwa penalti. Sifananishi watawala hawa na yule wa Zaire, maana zama ni mbali na nia ni mbali, na furaha waliyoitia nyoyoni mwa vijana ilikuwa ya kweli. Hata hivyo nilipoisikia habari ya nyumba, nilijiuliza: kwa nini maisha ya uzee ya beki wa kulia yategemee penalti aliyoipiga mwenzake? Fundi wa umeme wa uwanja wa Kasarani, ulikochezwa mchezo ule, aliyehakikisha kwamba taa zinawaka usiku ule, hakuahidiwa nyumba, lakini mwajiri wake analazimika kumchangia akiba ya uzeeni timu ikishinda au ikifungwa.

Njia ipo, na wengine wamekwisha kuipitia. Uholanzi, ambako Sunday Manara wetu aliichezea klabu ya Heracles katika miaka ya 1970, ina mfuko wa wachezaji wa kulipwa ulioanzishwa katika muongo ule ule, ambamo sehemu ya kipato cha mchezaji huwekwa kabla hajaigusa, na anapotundika daluga hurudishiwa kidogo kidogo kila mwezi, ili avuke ile miaka ya kutafuta kazi ya pili pasipo kuuza kitanda. Uingereza nayo hukata asilimia 4 ya ada za uhamisho wa wachezaji, na katika fedha hiyo hutoka michango ya pensheni yao. Katika nchi hizo mbili hapana anayengoja mchezaji awe na busara. Busara imewekwa katika kanuni, kwa kuwa waliozitunga walitambua kwamba kijana wa miaka 20 mwenye fedha hana tofauti na kijana mwingine wa miaka 20, isipokuwa fedha.

Kwetu Tanzania hata kanuni mpya haihitajiki sana, maana sheria ya hifadhi ya jamii imekwisha kusema kwamba kila mwajiri wa sekta binafsi ampelekee mfanyakazi wake katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, asilimia 20 ya mshahara, ambayo hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Mchezaji mwenye mkataba wa miaka miwili, anayepangiwa saa za kazi, anayekatwa mshahara akichelewa mazoezini na anayezuiwa kufanya kazi kwa mwingine, kama si mfanyakazi ni nini? Sheria hiyo inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, ili mtu apate pensheni ya uzeeni. Wachezaji watakaoitimiza kwa mpira pekee ni wachache. Lakini aliyeanza kuchangiwa akiwa na miaka 18 na kuacha akiwa na 30 atakuwa na miezi 144 kibindoni, atabakiwa na miaka mitatu tu ya kuchangia katika kazi yoyote atakayoipata baadaye, iwe ukocha, udereva au duka. Linganisha na hali ya mtu huyo huyo akiwa na miaka 30 na mwezi sifuri.

Nitaambiwa kwamba klabu zetu ni maskini. Zipo zilizo maskini kweli, na nyingine hupanda Ligi Kuu zikiwa hazina hata basi. Lakini mwaka 2021 Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) walitia saini mkataba wa haki za matangazo wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na sehemu ya fedha hiyo hugawiwa klabu za Ligi Kuu. Ni jambo la uamuzi tu kuukata mchango wa wachezaji pale pale fedha inapotoka, kabla haijafika kwa kiongozi yeyote wa klabu ambaye kesho ana straika wa kumsajili kutoka nje. Nitaambiwa pia kwamba wachezaji wenyewe hawapendi kukatwa. Hiyo ni kweli tupu, na nimewasikia wakisema. Hata walimu wasingependa, lau wangeulizwa. Hawakuulizwa, na leo wanaostaafu wanashukuru.

Basi naiomba TFF, Bodi ya Ligi na SPUTANZA, chama cha wachezaji wenyewe, wakutane kabla ya dirisha lijalo la usajili waongeze sharti moja katika yale ya leseni ya klabu: kwamba klabu isiyoleta stakabadhi za NSSF za kila mchezaji iliyemsajili msimu uliopita, mwezi kwa mwezi, isipewe leseni ya msimu mpya, iwe ni klabu ya wilayani iliyopanda jana au mojawapo ya zile mbili za Kariakoo, Simba na Yanga. Na wewe msomaji, ikiwa una mwana, ndugu au mpwa anayetia saini mkataba mwaka huu, kabla hujamwuliza ameandikiwa milioni ngapi za usajili, mwulize namba yake ya uanachama wa NSSF. Akikosa kuijua, usimwachie atie saini.